Kambare wa Bwawa la Bokoli

Laiti ningemkatalia Wafula siku ile. Asubuhi hii mjukuu wangu amezibua mtaro, harufu ya tope bichi ikanifikia hapa kibarazani, na hasira zikanipanda upya, kana kwamba ni jana.

Baba alichimba bwawa la ngege nyuma ya nyumba yetu, Bokoli. Alitutangazia kwamba samaki hao ndio watakaotupeleka sekondari, mimi na dada yangu Nekesa, tuliokuwa darasa moja. Nekesa ndiye aliyewalisha pumba kila alfajiri. Baba alitia pia kambare mmoja mweusi, mwenye masharubu, akatuonya tusimguse. Sababu hakusema, nami sikuuliza.

Binamu yangu Wafula alipotutembelea, alimkuta kambare akimeza vifaranga wa ngege.

"Ati hili jizi linakula watoto wa wenzake na wewe unaangalia tu? Wewe ni mwanaume kweli, bana?"

"Baba amekataza."

"Si baba yako ameenda Webuye? Leta ndoana!"

Tukamvua, tukamchoma kando ya mto. Alikuwa mtamu, hilo sikani.

Vifaranga wakajaa, nami nikajiona mkombozi! Baada ya miezi michache bwawa lilikuwa midomo mitupu. Nekesa aliongeza pumba mpaka mama akafoka kwamba amemaliza za kuku, lakini wapi! Samaki walibaki urefu wa kidole, vichwa vikubwa, miili kama njiti, na bado wakazidi kuzaana. Kisha asubuhi moja ya mawingu tukawakuta wameelea, matumbo juu, wananuka.

"Kambare yuko wapi?" baba akauliza.

Nikasema alitoroka wakati wa mvua. Lawama zikamwangukia Nekesa, ati aliwavimbisha kwa pumba.

Nilikuwa kidato cha pili mwalimu wa baiolojia aliposema kwamba bwawa lina kiasi chake cha chakula na hewa, na wasioliwa wakiwa wadogo huja kufa pamoja kwa njaa. Mwalimu naye, kwa nini hakuja Bokoli mapema!

Nilimsikiliza peke yangu. Bila pesa za samaki, baba alimudu kusomesha mmoja, akachagua mvulana. Nekesa, aliyenishinda mitihani yote, alikwenda Kitale kupalilia mahindi ya watu, na huko akazeeka.

Mwaka jana nilimwendea, nikamweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho, akaingia ndani, akafunga mlango. Simu zangu hapokei. Nilikula samaki mmoja, nikampoteza dada yangu wa pekee.