Mashine ya Uzi Nyuma ya Pazia

Sekela, mke wa mwanangu Lukasi, aliishi nyumbani kwangu Lufingo miaka kumi na moja, na uso wake sikuwahi kuuona. Haya ninayoandika juu yake ni yale niliyoyasikia. Kila asubuhi, vyombo vikishaoshwa, nilisikia skrubu ikikazwa kwenye ukingo wa meza ya jikoni, kisha mkono wa mashine ya kukunja uzi ukianza kuzunguka, krr, krr, krr. Kwa mlio huo nilijua kama amelala vizuri, kama anaumwa, kama mumewe amepiga simu.

Vijana wakisoma hapa watacheka, kwa hiyo nieleze. Kwetu Wanyakyusa, mke wa mwana na baba wa mume hawaonani. Tunaita ukutila, yaani kuogopa, lakini si woga wa kumwogopa mbwa. Nikitaka kutoka sebuleni nakohoa, naye anajificha. Njia ya chooni inapita uani kwake, kwa hiyo nikikohoa mara mbili alitoka jikoni akasimama nyuma ya migomba mpaka nirudi, mvua inyeshe isinyeshe, na mvua ya Rungwe haina adabu. Jina langu, Abrahamu, yeye halitamki. Marehemu mke wangu aliniambia kwamba siku moja darasa la kina mama kanisani liliulizwa ni nani aliyetaka kumtoa mwanawe sadaka, Sekela akajibu, "Ni yule baba yake Isaka," wenzake wakacheka mpaka mwalimu akafunga Biblia.

Leo naona wake za wana wamekaa kochi moja na wakwe zao, wanaonyeshana picha kwenye simu. Mmoja nilimsikia akimwambia baba wa mumewe, "Mzee, sogea kidogo." Mahari nayo inatumwa kwa simu, wala ng'ombe hawasikiki wakipanda mlima. Yote yamekwenda, na aliyeyalilia sijamwona. Nyumbani kwangu tu ndipo palipobaki mtu anayejua kusimama nyuma ya mgomba. Nilijivunia Sekela kuliko nilivyojivunia wanangu niliowazaa.

Alitoka Suma akiwa binti wa miaka kumi na tisa. Lukasi alimleta, akakaa naye miezi minne, akaenda Tunduma kwenye malori. Huja Krismasi, na si kila Krismasi. Aliyemlea Sekela hapa ni mke wangu, Tusajigwe, na kumlea kwenyewe kulikuwa kumfundisha kufuma.

Mashine aliachiwa Tusajigwe na mama mmoja wa misheni aliyekuwa akifundisha wanawake, alipokuwa anarudi kwao. Ni kitu kidogo, unaweza kukibeba kwenye kikapu: mkono wa kuzungusha, gia mbili, pia ya katikati, yaani koni inayokunjiwa uzi, na waya wenye tundu la kuuongoza. Gia moja ilipokatika meno niliichongea nyingine kwa mti wa mpera. Niliishia darasa la nne, mengine nilijifundisha kwenye magazeti ya kufungia sukari, lakini nimepaka grisi mitambo ya chai miaka thelathini, na gia ni gia.

Uzi hawakununua dukani. Walinunua masweta ya mitumba yaliyotoboka, wakayafumua, wakaufua uzi na kuukausha ukiwa shada, duara kubwa kama kata ya kubebea ndoo. Hapo ndipo penye kazi. Shada halikunjwi na mtu mmoja. Mmoja huzungusha mashine, mwingine hukaa mbele yake amenyoosha mikono, shada limevikwa kwenye viganja viwili, akiyumba kulia na kushoto uzi ukitoka. Asipokuwapo wa kushika, uzi hujifunga mafundo. Tusajigwe alishika, Sekela akazungusha, wakafuma masweta ya watoto wachanga na vitambaa vya makochi, na mimi sebuleni, upande wa pili wa pazia la mlango wa jikoni, nilisikia wakicheka mambo nisiyoyajua.

Tusajigwe alifariki miaka mitatu iliyopita. Mwaka huohuo nyonga yangu ikaharibika, nikawa mtu wa kiti, nikiinuka kwa fimbo kwenda chooni tu. Kwenye mashada akaingia Ambwene, mjane jirani yetu, mwenye mdomo usiopumzika. Yeye ndiye aliyekuwa pia mdomo wetu. Nikitaka chai nilimwambia Ambwene, na Sekela akiishiwa chumvi alimwambia Ambwene.

Mwezi wa nne akaja Mwantum. Huyu ana duka la nyuzi na vifungo mtaa wa Bagamoyo, pale Tukuyu mjini; babu yake alikuja kutoka pwani na cherehani moja. Alikuwa akichukua masweta ya Sekela muda mrefu. Alipanda mpaka kwangu na matope hadi magotini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umepotea njia?"

"Sijapotea. Nimekuja kumwomba Sekela. Chumba cha nyuma ya duka ni kitupu, nataka akae pale na mashine yake, afume na kuwafundisha wasichana wawili. Kulala kupo, kula kupo."

"Ana mume."

"Mume nimempigia. Amesema ukiridhia wewe, yeye hana neno."

"Na mimi nitapikiwa na nani?"

"Mzee, hilo ndilo nililopandia mlima. Mjukuu wa dada yako pale chini amesema ataleta chakula."

"Nyumba haiachwi bila mwanamke," nikasema. "Huko mjini kwenu mnauza hata wake za watu."

Mwantum hakukasirika. Alifunga vizuri mtandio wake. "Nasubiri mpaka Jumapili. Ikipita, nitamchukua Beatrice wa Suma. Hafumi vizuri, lakini ana miguu ya kutembea."

Alipoondoka, mashine ilikuwa kimya. Sekela alikuwa amesikia kila neno, maana pazia si ukuta. Jioni Ambwene akaja kusimama mbele yangu, mikono kiunoni.

"Anauliza kama hilo ndilo jibu lako."

"Ndilo."

"Basi kamwambie mwenyewe."

"Ambwene, unajua siwezi."

"Najua. Na mimi siwezi tena. Nimewabebea maneno miaka mitatu kama posta, hata stempu hamjaninunulia. Na mashada yenu sishiki tena. Mmoja anaogopa, mwingine anaogopwa, na mabega yanayouma ni yangu."

"Toka nyumbani kwangu."

"Natoka. Ukitaka chai, kohoa, labda itakuja yenyewe."

Alikwenda kweli. Chakula kilikuja, kwa sababu Sekela si mtu wa kumnyima mtu chakula: aliweka sahani ya ndizi na maharage kwenye kigoda chini ya pazia, akagonga ukuta, akaondoka. Lakini mashine ilibadilika. Alikuwa amevika shada kwenye mgongo wa kiti, na kiti hakiyumbi. Krr, krr, kisha kukwama. Krr, kukwama. Nilimsikia akihema na kufumbua mafundo kwa kucha. Ikawa hivyo Jumatano, na Alhamisi pia.

Ijumaa mvua ilinyesha tangu alfajiri, ukungu ukaingia mpaka sebuleni. Mashine ikakwama, nikasubiri sauti ya kucha kwenye fundo. Nikasikia mkasi.

Asiyeishi na wafumaji hawezi kujua. Mfumaji hakati uzi. Tusajigwe aliweza kukaa asubuhi nzima na fundo moja kuliko kulitia mkasi, maana kila mkato ni kiungo kitakachoonekana kwenye sweta. Mkasi ulikata tena, mara ya tatu, mara ya nne, bila haraka, kama mtu anayekata mboga. Nikaelewa kwamba uzi ule haukatwi ili ufumwe.

Nilisukuma kiti changu mpaka kwenye pazia. Ilinichukua muda, na sikukohoa. Nikageuza uso ukutani, nikapitisha mikono yote miwili upande wa pili, nikainyoosha.

Mkasi ukanyamaza. Mvua ikapiga bati. Nikaiacha mikono pale, nikiwa sijui kama kuna mtu mbele yake. Kisha nikahisi shada jingine likivikwa, zito na lenye baridi, na mkono wa mashine ukaanza kuzunguka.

"Tata, nyoosha kidogo. Unalegea."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyoniambia katika miaka kumi na moja, na tata kwetu ni baba. Sauti yake ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Nikanyoosha.

"Yumba. Kulia. Sasa kushoto. Mama alikuwa anainua kidole gumba uzi ukipita."

Nikainua kidole gumba. Tukaenda hivyo nusu ya shada.

"Mwantum anasubiri mpaka keshokutwa," akasema.

"Nilimjibu Mwantum."

"Mimi hukunijibu."

"Kuna desturi, Sekela."

"Ipo, tata. Mimi ndiye niliyenyeshewa nayo." Mashine haikupunguza mwendo. "Mama alipofariki akalazwa sebuleni, wewe ulikaa kichwani pake siku mbili. Hukutoka. Watu wa Suma walikuja wakamuaga, hata mlevi wa stendi alikuja akamuaga. Mimi nilikuwa jikoni napika. Walipombeba nilitazama jeneza likipita, nimesimama kwenye migomba. Uso wake sikuuona."

Nilitaka kuondoa mikono, nikashindwa. Uzi ulikuwa umeizunguka yote miwili, na ningeivuta ningeharibu kazi yake yote. Ikabidi nikae niyasikilize. Nilikumbuka siku zile mbili. Nilikuwa nimeona kwamba ninamheshimu mke wangu kwa kutobanduka pale. Hakuna aliyeniambia niinuke hata dakika tano, na mtu wa kuniambia alikuwa Tusajigwe.

"Kwa nini hukumtuma Ambwene?"

"Nimwambie nini? Kwamba mkwe anakufukuza kwenye maiti ya mkeo?"

 Uzi ulipita kidole gumba cha kulia, kisha cha kushoto, shada likizidi kuwa jepesi.

"Nenda," nikasema. "Nitampigia Lukasi mimi. Nenda na mashine."

"Unasema kwa sababu umefungwa mikono."

"Ndiyo. Nikifunguliwa huenda nisiseme. Kwa hiyo lishike neno hilo kabla uzi haujaisha."

 Mashine ikazunguka mpaka uzi wa mwisho ukateleza kwenye vidole vyangu, na bado mikono yangu ilikuwa imenyooka pale hewani, nikiwa sijui kwamba kazi imekwisha, mpaka aliposema, "Inatosha, tata."

Jumapili asubuhi aliosha vyombo vyote. Nilisikia skrubu ikifunguliwa. Kwa desturi angetoka nyuma, apite kwenye migomba, azunguke matopeni. Nikageuza kiti, nikakaa nimeutazama ukuta, nikasema kwa sauti, "Pita mbele." Alikawia sana. Kisha nikasikia nyayo zake nyuma ya mgongo wangu, ndani ya sebule asiyowahi kukanyaga nikiwamo, taratibu, kama mtu anayepita kanisani wakati wa sala. Karibu na mlango zikasimama, pale lilipolazwa jeneza. Zikasimama muda mrefu. Sikugeuka. Mlango ukafunguliwa, baridi ikaingia, ukafungwa.

Chakula analeta mjukuu wa dada yangu, kimepoa. Hagongi, anaingia moja kwa moja na kunipa sahani mkononi, kisha ananipigia stori. Ambwene alirudi baada ya wiki kunitazama kama nimekufa. Ananiambia Sekela ana wanafunzi watatu sasa, na mtu wa kushika shada hakosi. Kwenye ukingo wa meza ya jikoni imebaki alama ya skrubu, shimo dogo, mbao yake imelainika.

Hakuna mtu uani. Lakini kila ninapojikongoja kwenda chooni nakohoa mara mbili, kisha nasimama mlangoni, mvua inyeshe isinyeshe, nasubiri migomba itikisike.