Viti vya Fundi Cherehani

Mtaani walimwita Bibi Sitaki. Ukimletea unga, sitaki. Ukitaka kumpokea ndoo, sitaki, mkono wangu haujakatika. Kazi yake ilikuwa kufua nguo za watu, na katikati ya kufua alimwinua mjukuu wake, akamgeuza, akamlisha, akamwosha, akamlaza tena. Mjukuu huyo hakujaliwa miguu ya kusimama wala shingo ya kutulia. Walimwita Kipepeo, maana akifurahi mikono yake hupepea. Alipokuwa mdogo bibi alimbeba mgongoni kama wabebwavyo wengine. Sasa msichana amekua, akibebwa miguu inaburuta, na mgongo wa bibi ni uleule mmoja, hauongezwi. Mama wa mtoto alikuwa mbali, analea watoto wa wenye nazo, na alichotuma kilikuja kwa kusuasua.

Basi ikasikika kwamba serikali inatoa posho kwa wanaolea watoto wenye ulemavu. Hiyo Bibi Sitaki aliitaka.

"Hii si sadaka," alisema. "Hao wakubwa nimewafulia mashati miaka yote."

Akaenda kujiandikisha. Akaambiwa afisa wa ustawi atafika nyumbani kuangalia hali.

Mwingine angeiacha nyumba ilivyo. Yeye katika maneno yote alisikia moja tu: mgeni. Na nyumbani kwake kulikuwa na kitanda, mkeka na mabeseni ya kufulia. Akajikaza, akavuka uchochoro kwa jirani yake, fundi cherehani.

"Mwenzangu, niazime viti."

Fundi akatoa pini mdomoni. "Nani, wewe? Umesema niazime? Ngoja nishike ukuta."

"Cheka upesi, nina kazi."

Vikaja viti, likaja zulia, likaja pazia, vikaja na vikombe vya maua. Kipepeo akakalishwa kwenye kiti chenye mikono, akafungwa shuka kifuani asiporomoke, karibu na dirisha. Siku zote dirisha lile alilitazama kutoka chini, akaona mbingu tu. Leo aliona njia, na watu wanapita. Mikono ikapepea mpaka ikachoka.

Afisa akafika, binti mdogo, viatu vimejaa vumbi, uso umechoka. Akaamkia, akaketi. Fundi alijidai amekuja kumimina chai, kumbe analinda vikombe vyake.

"Bibi, umejaliwa," afisa alisema, anapapasa kiti. "Nyumba nzuri."

"Tunashukuru."

Binti akashusha kalamu. "Nisikufiche, bibi yangu. Posho haiwatoshi wote. Tunaanza na wasio na kitu. Hapa nitaandika mnajiweza."

Fundi akamtazama bibi. Hakutia neno, aibu ya mwenzio huifichui wewe. Bibi Sitaki akamtazama Kipepeo pale dirishani. Alikumbuka juzi, anamtoa mtoto kuoga, goti likamlegea, wakaanguka wote wawili. Walilala pale kwenye maji, yeye chini mtoto juu, mpaka alipopata pumzi ya kuinuka. Hakumwambia mtu.

"Mwenzangu," alimwambia fundi, "chukua viti vyako."

"Vyote?"

"Na zulia. Na pazia. Nguo ya kuazima haisitiri matako."

Afisa ikabidi asimame kiti chake kitoke. Chai aliimalizia wima, na kikombe nacho kikadaiwa. Kikabaki kiti cha Kipepeo.

"Hicho basi kiacheni," binti alisema.

"Kitoke. Sitaki useme nimekiri nusu."

Akafungua shuka, akainama kumwinua mtoto, mgongo ukagoma. Akajaribu tena, ukagoma. Afisa akaweka kalamu chini, akashika miguu. Wakamshusha mkekani. Kipepeo akalia, shingo inahangaika kulitafuta dirisha lilikokwenda. Binti alibaki amepiga magoti, anahema.

"Kila siku hivi, bibi?"

"Kila siku. Na usiku kumgeuza."

"Anakusaidia nani?"

Mdomo ulikwisha kufunguka useme sitaki kusaidiwa, kwa mazoea. Akaufunga. Kisha akasema polepole, anatazama ukuta, "Sina mtu."

Binti akaandika. Safari hii aliandika kwa muda mrefu.

Posho ilikuja, baada ya kukawia mpaka akaikatia tamaa. Akavuka uchochoro.

"Kile kiti cha mikono, niuzie."

"Kichukue tu, dada yangu."

"Sitaki. Nitajie bei ya mtu, si bei ya huruma."

Wakavutana mpaka wakanuniana, na kiti kikahama kwa haki. Kipepeo akafungwa shuka yake, akatazama njia, mikono ikapepea. Bibi akakaa chini, akaegemea mguu wa kiti. Mashati ya watu yalikuwa yamelowekwa kwenye beseni, yanamngoja. Akasema, nainuka sasa hivi. Akasema tena. Hakuinuka upesi.