Ndoo ya Barafu ya Kwenda Griftu

Mama yangu alipotoka hospitali hapa Garissa, mdomo wake ulikuwa umejaa vidonda kwa sababu ya dawa. Chakula kilimshinda. Kitu pekee alichoweza kumeza bila kukunja uso kilikuwa juisi ya tikiti maji, iwe baridi sana. Kwangu hilo halikuwa tatizo, friji ipo. Lakini hakukaa hata wiki mbili. Alisema nyumba yangu inambana, anataka kwake Griftu, na akishasema hivyo hakuna wa kumzuia.

Siku chache baadaye alinipigia simu. "Huku kila kitu ni moto," alisema. "Hata maji ya kunywa ni kama ya chai." Friji ya duka lililo karibu naye ilikuwa imeharibika, na mwenye duka hakuwa na haraka ya kuitengeneza.

Nikaamua kumpelekea juisi baridi. Kutoka Garissa mpaka Griftu ni safari ya kutwa, tena kwenye jua letu hili. Jirani alikuwa na sanduku zuri la kuwekea vinywaji vikae baridi, lakini lilikuwa limeazimwa harusini likarudi bila kifuniko. Basi nikasema nitajitengenezea.

Nilichukua ndoo kubwa iliyobaki tulipopaka nyumba rangi, nikatia ndani yake ndoo ndogo ya mafuta ya kupikia. Nafasi iliyobaki katikati nikaishindilia sponji ya godoro kuukuu. Nilijiona fundi. Nilitia barafu asubuhi nikaiweka uani, na kufika adhuhuri ndoo ilikuwa imejaa maji vuguvugu. Sponji nayo ilikuwa imelowa yote, kwa sababu ndoo ya ndani ilikuwa na ufa ambao sikuuona. Juisi niliyoijaribia ilinuka rangi. Nilimwaga kila kitu kwa hasira mpaka nikajilowesha baibui.

Mume wangu alikuwa amekaa barazani akitazama. "Nunua tu sanduku," alisema.

"Basi ninunulie," nikamjibu. Akarudi kwenye simu yake.

Mara ya pili nilitafuta ndoo nzima, nikaisugua kwa majivu na ndimu. Badala ya sponji nilikata lile povu gumu jeupe lililokuja na televisheni, likanirushia punje nyumba nzima. Mpaka leo nikifagia chini ya kochi nazipata. Nikapasua pakiti za maziwa, nikazibandika zile pande zake za kung'aa kuzunguka ndoo ya ndani. Kifuniko kilikataa kukaa, nikakishonea kitambaa kinene, na bado kikawa kinacheza. Mwishowe niliizungushia ndoo yote selotepu pana ya kahawia, nikafunga leso ya kubebea. Mume wangu alisema inafanana na mtu aliyetoka ajalini. Lakini nilipoijaribu, alasiri nilikuta bado kuna mabonge ya barafu, na nilicheka peke yangu pale uani.

Safari ya basi ilianza alfajiri. Nilipanga chupa za juisi, nikamimina barafu juu yake, nikafunga kifuniko kwa selotepu pande zote. Mambo yalikwenda vizuri mpaka kizuizi cha kwanza cha polisi. Abiria tuliteremka kama kawaida, kila mtu na mzigo wake. Askari aliiona ndoo yangu akarudi nyuma hatua moja.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni friji."

"Friji gani imefungwa namna hii?"

Nikamweleza habari za mama, vidonda na tikiti maji. Nilisikia mwenyewe jinsi maneno yangu yalivyokuwa hayaaminiki. Sikuweza hata kumlaumu; kwa njia zetu hizi zinazotegwa mabomu, kitu kilichofungwa selotepu vile kingemtisha yeyote.

"Fungua," alisema, akiwa bado mbali. "Polepole."

Abiria wenzangu walisogea mbali nami. Mzee mmoja akapaza sauti, "Wallahi mama, fungua hiyo kitu, jua inatuua!" Nikararua selotepu kwa kucha. Kifuniko kikatoka na kile kitambaa. Askari alichungulia, akagusa barafu kwa kidole, akasema pole. Selotepu ilikuwa haishiki tena. Na mbele kulikuwa na vizuizi vingine, na kila mahali ikabidi nifungue na nieleze upya. Kati ya kizuizi na kizuizi nilikuwa nimeipakata ndoo, nimekibana kifuniko kwa kidevu, maji yakinichuruzikia mapajani.

Nilipofika Griftu barafu ilikuwa imebaki kama vipande vya sabuni iliyokwisha. Lakini chupa zilikuwa bado baridi! Niliingia nazo mbio. Chumba kilikuwa kimejaa wageni waliokuja kumjulia hali mgonjwa. Mama aliziona chupa, uso ukamfunguka.

"Alhamdulillahi," alisema. "Wape wageni."

"Hooyo, mama yangu, hizi ni zako."

"Watu wameacha kazi zao kuja kuniona. Wape."

Nikamimina. Nilimimina huku meno nimeyauma. Wageni walikunywa, wakamwombea dua, wakanisifu kwa jinsi nilivyo binti mwema. Yeye alipata nusu kikombe, akanywa kwa matone, kisha akaomba yale maji ya barafu yaliyobaki chini ya ndoo. Alichovya mtandio wake, akajiwekea kwenye midomo, akafumba macho. Nilitoka nje nisije nikamjibu vibaya.

Wiki iliyofuata alipiga simu. Vidonda vilikuwa vimeanza kupona. "Ukija tena," alisema, "lete nyingi. Ile siku wageni hawakutosheka."

"Inshallah, hooyo," niliitikia. Nikakata simu, nikaenda kumpigia mume wangu kelele kwa jambo ambalo hata sasa silikumbuki.