Chetezo cha Umeme Kutoka Maskati

Afadhali mlisikie kwangu kabla halijawafikia kutoka Kerege, maana huko linasimuliwa na Bi Tatu, na Bi Tatu akisimulia jambo anaigiza na sauti za wote waliokuwepo, yangu akiifanya nyembamba kama ya mbuzi. Mimi Athumani, niliyejilipia ada ya chuo kwa kutengeneza pasi na feni za watu, nikapata diploma ya umeme, nikakaa Maskati miaka tisa, nikarudi Bagamoyo nikajenga nyumba yenye marumaru hadi jikoni (nyaya nimezifunga mwenyewe, na hakuna swichi inayocheza), nimeaibika sebuleni kwangu, chini ya diploma hiyo hiyo iliyotundikwa ukutani kwenye fremu ya dhahabu, mbele ya baba wa msichana ninayetaka kumuoa.

Yote yalitoka kwenye neno moja. Maskati nilijifunza kuvuta vepu, hii sigara ya betri ambayo ndani ina pamba iliyoloweshwa maji ya ladha na koili ndogo ya waya, ukibonyeza kitufe koili inapata moto na moshi unatoka. Wiki ya kwanza nilipokuwa nimerudi, mama aliikuta kitandani kwangu, akaigeuza, akainusa, akaniuliza, "Hiki nini, mwanangu? Kinanukia vizuri." Ningesema ukweli, angenisema siku mbili na yakaisha. Nikasema, "Chetezo, mama. Chetezo cha umeme. Kule ndicho wanachotumia." Mama akafurahi mno. Kesho yake mtaa mzima ulijua mwanawe amekuja na chetezo kisichotaka mkaa, na akaanza kuniletea kanga zake nizifukize, nami nikawa najifungia chumbani nazipulizia moshi kama mwendawazimu. Mama wa watu alikwenda maulidini akinukia zabibu na mnanaa.

Sasa, msichana mwenyewe ni Rukia, mwalimu wa shule ya msingi Kerege. Mjomba wangu Kibwana ndiye aliyekuwa mshenga, akapeleka barua ya posa kwa baba yake, Mzee Shomari, akarudi na sharti moja tu. Mzee Shomari hamwozi binti yake kwa mvutaji. Kaka yake mkubwa alikufa kwa kifua, tumbaku mkononi hadi wiki ya mwisho, na yeye ndiye aliyemuuguza.

"Nimemwapia kwamba kijana wetu hajui hata kushika sigara," mjomba akaniambia. "Nimeapa kweli au nimeapa uongo?"

"Umeapa kweli, mjomba. Sigara sijawahi kushika." Nikajiona mwanasheria.

Mzee Shomari akasema kabla ya kujibu barua atakuja Jumapili alasiri kutuona, yeye na dada yake Bi Tatu, wanywe kahawa, waione nyumba. Kwetu mwoaji hakai na wageni wa namna hiyo, anajibanza chumba cha nyuma kama mali iliyofichwa, wakubwa wanaongea. Ningekaa huko huko leo nisingekuwa na cha kusimulia. Ila mama alikwisha panga: wageni wakishakaa, Athumani aingie na chetezo chake, aamkie, afukize sebule, atoke.

Na Jumapili hiyo hiyo asubuhi koili ikaungua.

Koili huwa natengeneza mwenyewe, sinunui (mtu na diploma yake anunue koili?), lakini waya niliokuja nao ulikuwa umekwisha. Nikaingia jikoni, nikachomoa uzi mmoja kwenye stilwaya mpya ya mama ya kusugulia sufuria, nikauzungusha kwenye bisibisi ndogo raundi nane, nikaufunga kwa skurubu zake, nikaweka pamba. Mpango ulikuwa niondoe kifuniko cha juu, nidondoshee mafuta ya udi kwenye pamba, nibonyeze kitufe, moshi upande wenyewe kama chetezo halali.

Kifaa changu kina kioo kidogo kinachoonyesha ukinzani wa koili, yaani waya unaupinga umeme kiasi gani. Nilitaka kisome sifuri nukta tatu, au nukta tatu tu kama tunavyosema mafundi. Nikabonyeza koili iwake kidogo nione kama inapata moto sawasawa, hapo hapo nikasoma: nukta tano. Kubwa. Nikapunguza raundi. Nikawasha, nikasoma: nukta nne. Nikapunguza tena, nikawasha, nikasoma: nukta tatu kamili. Nikajipongeza, nikaenda kuswali adhuhuri. Kurudi, kifaa hakiwaki, kioo kinaandika kwamba koili ni fupi mno na kinasoma nukta moja na kitu. Nikafungua, nikaanza upya na uzi mwingine, raundi nane, nikawasha, nikasoma, nikapunguza, nikafika nukta tatu, nikakiweka chini nivae kanzu, kukishika tena, nukta moja na kitu. Nikalaumu betri. Nikalaumu skurubu. Nikawalaumu Waomani wote walioniuzia vitu.

"Athumani," mama akaita dirishani, "wameshapita Zinga."

Nikatengeneza ya tatu kwa njia ile ile, maana mtu mwenye diploma hafikirii kwamba kosa liko kwenye njia.

Nikawasikia wakiingia, hodi na karibu nyingi, vikombe vikalia, Bi Tatu akasifu marumaru. Kisha sauti ya mama, imevaa nguo za sikukuu: "Mwanangu, hebu tuletee kile chetezo chako cha Maskati."

Nikaingia. Nikaamkia mmoja mmoja, wakaitikia marahaba. Nikaweka kifaa juu ya meza, nikaondoa kifuniko, nikadondosha udi, nikabonyeza.

Kimya.

Nikabonyeza tena. Bi Tatu akakitazama, akamtazama mama. "Labda kimeona haya," akasema.

Hapo ningesema kimeharibika, nikatoka. Lakini diploma ilikuwa inanitazama pale ukutani, nikaanza kumweleza Mzee Shomari kwamba hili ni suala la ukinzani, mzee, ni mambo ya kitaalamu kidogo, usomaji unacheza. Mjomba Kibwana, aliyekaa karibu na wageni, akanikonyeza. Nikadhani ananipa moyo, kumbe ananikataza, kwa sababu alijua nami sikujua kwamba Mzee Shomari ametengeneza redio pale Kerege tangu sijazaliwa.

Mzee akatoa miwani mfukoni, kisha bisibisi (anatembea nayo, mfuko huo huo wa miwani). "Unacheza vipi?"

"Nikipima ni nukta tatu. Baadaye inashuka nukta moja."

"Unapima saa ngapi? Ikiwa ya moto au imepoa?"

Nikakivuta kifaa kwangu, akakivuta kwake.

"Waya gani huu?"

Mama akainama, akachungulia. "Hii si stilwaya yangu? Ndiyo maana nimeikuta imenyofoka. Nikasema panya gani huyu anakula chuma."

"Chuma, basi," akasema Mzee Shomari kwa upole uliokuwa mbaya kuliko kunitukana. "Chuma kikipata moto ukinzani unapanda. Wewe umesoma kikiwa cha moto ukaona umezidi, ukapunguza. Kilipopoa kikabaki kifupi. Hukufundishwa?"

Nilifundishwa. Muhula wa kwanza. Na nilipata alama nzuri.

Akaomba uzi mwingine. Mama akaleta stilwaya nzima kwenye kisahani, kama anaandaa kashata. Mzee akazungusha raundi zake bila haraka, akafunga, akawasha kidogo, akakiweka mezani. "Tunywe kahawa kipoe," akasema, na tukanywa, watu wazima watano tumezunguka koili ya stilwaya. Kisha akasoma: nukta tatu. Akairudisha pamba yangu, ile ile ya siku zote, na udi wake, akabonyeza. Moshi ukapanda, mzuri, mweupe. Mama akanyoosha mgongo.

Bi Tatu akavuta pua. "Udi wa zabibu huu?"

Mzee Shomari hakumsikia, au alijifanya. Alikuwa ameokota kile kifuniko nilichokiondoa, anakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Juu yake kuna kimrija kifupi cheusi, na kwenye kimrija, jamani, kulikuwa na alama za meno yangu.

"Na hiki ni cha nini? Chetezo kina mdomo?"

Mjomba Kibwana, aliyekwisha apa na hakuwa na pa kurudi, akadakia: "Hicho ni cha kupulizia, mzee. Kama vile unavyopuliza mkaa ushike."

"Alaa." Mzee akakifunga kifuniko mahali pake, akanikabidhi kwa mikono miwili. "Haya, bwana fundi. Puliza tuone."

Nilikusudia kupuliza. Nawaapia. Lakini miaka sita mdomo huu ukigusa kimrija kile unafanya kitu kimoja tu, kidole nacho kinabonyeza chenyewe. Nikavuta. Ndefu, ya kutoka tumboni. Na nilipotambua nimefanya nini nikafunga mdomo kwa nguvu, moshi ukatafuta njia yake, ukatokea puani, matundu yote mawili, polepole, mbele ya baba mkwe.

"Mashallah," akasema Bi Tatu. "Amefukiza mpaka mapafu."

Hakuna aliyecheka. Mama aliinuka akakusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na kahawa. Alipopita karibu yangu akasema, kwa sauti ya chini, "Na kanga zangu je?" Hilo ndilo lililonichoma kuliko yote.

Nikasema ukweli wote pale, tangu siku ya kitandani, na kwamba mjomba aliapa kwa kunitegemea mimi. Mzee Shomari akanisikiliza hadi mwisho, akavua miwani.

"Kaka yangu naye alikuwa haniambii," akasema. "Leo sijibu barua yenu, Kibwana. Nikijibu leo nitajibu kwa hasira, na kijana huyu ameshatuonyesha kipimo cha moto kinavyodanganya. Wewe, kila Ijumaa baada ya swala uje kwenye kibanda changu cha redio. Hiki nakichukua." Akakitia chetezo mfukoni, pamoja na miwani.

Hii ni Ijumaa ya tisa. Bi Tatu hunipokea mlangoni, ananusa kanzu yangu mbele na nyuma bila aibu, ndipo naruhusiwa kuingia. Ijumaa saba za kwanza kahawa sikuonjeshwa, wala Rukia sikumwona. Vepu sijaigusa, na siku za mwanzo nilikuwa natafuna karafuu kutwa nzima. Diploma nimeihamishia chumbani. Mama amenunua chetezo cha udongo, kanga zake anafukiza mwenyewe, na nimejiwekea ahadi kwamba akiniuliza tena "hiki nini" nitamwambia ni nini, hata kikiwa nini.

Ijumaa iliyopita Mzee Shomari alinisukumia pasi ya mtu, iliyokuwa imetoka kuchomolewa kwenye umeme, na mita, akasema nimpimie waya wake. Nikaiweka pasi kando, nikakunja mikono, nikasubiri.

"Unangoja nini?" akauliza.

"Ipoe, mzee."

Akanitazama juu ya miwani kitambo. Kisha akageukia mlango wa ndani, unaoingia nyumbani kwake.

"Rukia," akaita. "Lete kahawa. Vikombe viwili."