Kamera ya Barazani

Masikio yangu yaliharibiwa na mashine ya kusaga. Nilisaga mahindi ya watu hapa Korogwe miaka mingi, na nilipoifunga mashine nikabaki na mvumo kichwani. Simu siisikii vizuri. Mtu akipiga, naitikia “eeh, eeh” mpaka anachoka. Mke wangu ndiye aliyekuwa akinipokelea, kisha ananieleza kwa sauti ya juu na kwa mikono. Alipofariki, simu ikawa ya kusoma ujumbe tu.

Binti yetu anafanya kazi Mwanza. Baada ya arobaini ya mama yake alifunga kamera barazani, ndogo, nyeupe, yenye shingo inayozunguka. Intaneti tuliivuta kutoka kwa jirani, Mhindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye tumezoeana tangu ujana. Binti alisimama uani na simu yake, akaigeuza kamera kushoto na kulia.

“Baba, nikiwa kazini nitafungua nikuone. Ikikugeukia, ni mimi.”

Basi kila asubuhi nilitoka na kikombe changu nikaipungia mkono. Inageuka. Nikienda bombani, inanifuata. Nikirudi, inarudi nami. Nilianza kuvaa shati safi kabla ya kutoka. Siku niliyopata samaki mzuri sokoni nilimwinua mbele ya kamera ili amwone. Ujumbe wake ulikuwa umepungua, lakini sikuona neno. Nilijiambia, mtu anayekutazama kila siku akuandikie nini tena?

Kisha intaneti ya dukani ikawa nzito. Jirani alilalamika kwa kampuni yake ya intaneti, akajibiwa kwamba laini yake inashambulia mitambo ya watu mtandaoni. Akaja kwangu na fundi kutoka Segera, mwanamume wa makamo. Alikuwa ameshakagua vifaa vyote vya dukani na kukuta ni vizima.

“Shikamoo mzee,” fundi alisema, akiinamia sikio langu. “Kamera yako imeingiliwa.”

“Na nani?”

“Na programu. Inazunguka kwenye intaneti ikijaribu milango. Hii yako bado ina nywila ya kiwandani, ile ile waliyonayo wengine wote walionunua kamera kama hii. Ikajaribu, ikaingia. Sasa mwenye programu akitoa amri, kamera yako na nyingine maelfu zinaugongea mtambo mmoja kwa pamoja mpaka unalemewa. Wewe huwezi kujua, maana inaendelea kuonyesha kama kawaida.”

“Kwa hiyo huyo mtu ananitazama?”

“Sidhani, mzee. Watu hawa wanataka nguvu ya kifaa tu. Sura yako haina kazi kwao.”

“Na huku kunigeukia?”

Akapita mbele ya kamera. Ikamfuata. “Imewekwa kufuata kitu kinachotembea. Hata mbuzi akipita itamgeukia.”

Alihitaji kuunganisha upya na simu ya binti, akampigia. Waliongea kidogo. Jirani, aliyekuwa akisikiliza, akawa anaangalia chini. Fundi alipokata simu alinieleza polepole: binti alibadilisha simu tangu kabla ya Ramadhani, na kwenye simu mpya hakuwa ameweka kitu cha kufungulia kamera.

Ramadhani ilikuwa imepita zamani. Tulikuwa tunakaribia mvua za vuli.

Fundi aliifuta ile programu, akaweka nywila mpya, akamtumia binti, akaenda zake. Jirani alikaa nami mpaka chai ikapoa. Nilimshukuru kwa hilo. Jioni ujumbe wa binti ukaingia: “Baba nisamehe. Kazi ilinizidi, nikawa nasema kesho.” Nikamwandikia kwamba hakuna tatizo. Asubuhi sikutoka barazani. Chai niliinywa jikoni, nimesimama.

Wiki zile zilikuwa nzito kuliko zile za msiba, maana kwenye msiba watu walikuwepo. Ile kamera nilipita chini yake kama mtu anayempita mdai wake. Mwishowe niliichomoa kwenye umeme, nikafunga nyumba, nikaenda Misima kwa dada yangu, Handeni, kumsaidia kupanda. Sikumuaga binti.

Dada ananisemesha Kizigua kwa sauti kubwa, na kwake nasikia vizuri zaidi. Tulikuwa tukifukia mbegu simu ilipotikisika mfukoni.

“Baba, kamera imezima tangu jana. Nimempigia jirani, anasema nyumba imefungwa. Uko wapi?”

Niliusoma, nikampa dada asome. “Mjibu mtoto,” alisema.

“Nitamjibu.”

Nikarudisha simu mfukoni na kumaliza mstari wangu kwanza. Kisha nikakaa chini pembeni mwa shamba, nikafuta udongo mikononi, nikamwandikia.