Karai la Mama Mdogo Paskalia

Mama mdogo Paskalia hakuwahi kumwaga maji ya kunawa kabla ya kuyatazama. Aliliinamisha beseni taratibu, akayazungusha maji mara mbili, akasubiri yatulie, kisha akachungulia chini kabisa. Hata maji ya kuoshea mchele. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza anatafuta nini. "Siku nitakayomwaga bila kutazama," alisema, "ndiyo itakuwemo."

Alikuwa mdogo wake mama yangu, mzaliwa wa Kishapu. Mama alipofariki nilikuwa na miaka minne. Akanichukua hadi machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu, alikokuwa akiosha mchanga wa mawe yaliyopondwa, miguu kwenye tope tangu asubuhi, karai la chuma mikononi. Jioni karai hilohilo alilisugua kwa majivu, akaniogeshea. Kwa kazi hiyo nilisoma hadi chuo cha ualimu.

Nilichelewa kuolewa. Nilipompata Boaz nilikuwa na miaka thelathini na tatu, na kwao, mtaa wa Kambarage, ni watu wa duka, sebule yao ina zulia. Kikao cha kamati ya harusi kilifanyika hapo. Wifi yangu Violeth, aliyekuwa katibu, alisema keki na mapambo kila mtu anavyo. Sisi tuwe na jambo moja la kwetu, ambalo watu wakiliona watajua hii ni harusi ya nani.

Mama mdogo aliweka kikombe chini. Akasema, "Mimi nitawanawisha maharusi kabla ya kula. Kwa karai langu. Ndilo lililomlea huyu."

"Mama, hilo litawaliza watu wote," Violeth akasema, akaanza kuandika.

"Nyie lieni. Mimi nitakuwa natazama kama bwana harusi ameleta dhahabu."

Sebule nzima ikacheka. Mimi sikucheka. Nililiona karai lile, limebonyea upande mmoja, likipita kati ya meza zenye vitambaa vyeupe, na mshereheshaji akieleza lilikotoka. Nikasema, "Haiwezekani. Lina zebaki, ile sumu ya kunasia dhahabu."

"Zebaki mimi sikuigusa, mwanangu. Alichanganya mwenye mawe, kwenye beseni lake."

"Iko hewani kule, mama mdogo. Ikiingia kwenye chuma haitoki. Hata kwenye ngozi. Chuoni tulifundishwa."

Chuoni nilisomea Kiswahili na historia. Hilo la chuma nililitunga, na la ngozi nililiongeza ili asiendelee kubisha. Violeth akafuta alichoandika. Mama mdogo aligeuza viganja vyake, akavitazama, kisha akavifunika kwa khanga.

Siku ya harusi alikaa meza kuu. Mabinti wa kukodiwa walipita na mabirika ya kung'aa wakinawisha watu. Alipoondoka hakunishika mkono, alinipungia tu. Nilidhani amenuna, nikaona afadhali, maana aliyenuna huombwa radhi yakaisha.

Hakuwa amenuna. Alikuwa ameniamini.

Nilipomzaa Nelly alikuja na kuku wawili, akakaa siku arobaini. Alifagia, akateka maji, akapasua kuni. Kupika na kumwogesha mtoto alikataa. Alisimama kando ya beseni, mikono nyuma, akamtazama mjukuu wake akilia kwenye povu.

"Muogeshe wewe," alisema. "Mikono yangu unaijua."

Ningeweza kumwambia hapo hapo. Lakini ningelazimika kusema pia kwa nini nilidanganya, mbele ya mwanamke ambaye karai lake ndilo lililonisomesha hadi nikawa mtu wa kulionea haya. Kila asubuhi niliona kesho ni nafuu. Siku arobaini zikaisha, akarudi Nyarugusu.

Nelly alipofikisha miaka sita, mama mdogo aliugua mapafu, nikamleta kwangu. Siku moja, baada ya uji, nilimnawisha kitandani, Nelly amesimama mlangoni. Nilipotaka kuondoa beseni aliushika ukingo wake, akaliinamisha, akayatazama maji mpaka yakatulia. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kama mabua.

Nikasema, "Mama mdogo, lile jambo la zebaki..."

Akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyekumbushwa alichokuwa karibu kukisahau. Akanirudishia beseni, akamtupia Nelly jicho.

"Kamwage mbali, mtoto asije akayakanyaga."