Goti la Msichana wa Kiamunyi

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa mwalimu wa michezo katika shule moja ya wasichana karibu na mji wa Nakuru. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, sijaolewa, na nilipenda sana kushinda.

Mchezaji wangu bora wa netiboli alikuwa msichana wa kidato cha tatu. Alitoka Kiamunyi, ambako mama yake alikuwa kibarua shambani, na kila asubuhi alikuja shule kwa miguu. Akisimama wima, magoti yake yaligusana huku nyayo zikiwa zimeachana. Wenzake walimwita Mkasi, naye alicheka nao. Lakini kwa kuruka hakuwa na mwenzake.

Kuna jambo nilikuwa nimeliona. Akiwa hajachoka alitua vizuri, magoti yakikunjika sawasawa. Mazoezi yakiwa marefu, goti la kulia lilianza kuingia ndani kila alipotua. Niliona, nikasema moyoni kwamba ndivyo alivyoumbwa.

Siku ya mashindano tulienda Lanet. Kufikia saa nane mchana tulikuwa tumecheza mechi mbili kwenye jua na vumbi, na tumeshinda zote. Fainali ilikuwa saa tisa. Nilikuwa nakata machungwa aliponijia.

"Mwalimu, miguu imeisha," alisema. "Weka mwingine nipumzike kidogo."

"Imebaki mechi moja tu," nikamwambia. "Ukitoka wewe, tumekwisha sote."

Hakubishana. Siku hizo mwanafunzi hakubishana na mwalimu. Alimaliza chungwa lake, akakaza kamba za viatu, akaingia uwanjani.

Dakika za mwisho aliurukia mpira wa juu, akatua kwa mguu wa kulia, na kabla mwili haujatulia akageuka kutafuta wa kumpasia. Goti likaanguka ndani. Nikiwa pembeni mwa uwanja nilisikia ta! kama kijiti kikavu kinapovunjwa. Hakupiga kelele. Alikaa chini, akalishika goti kwa mikono miwili, akaniangalia.

Hospitalini tulimkuta daktari mzee wa Kihindi aliyesema Kiswahili polepole. Aliuvuta mguu chini ya goti, nao ukasogea mbele kama droo.

"Kano ya katikati ya goti imekatika," alisema. "Goti kama hili linaloingia ndani, misuli ndiyo inalishikilia. Misuli ikichoka, uzito unaangukia kano. Alikuwa amechoka?"

"Kidogo," nilijibu.

Msichana alikuwa amelala hapo hapo, anasikia. Aligeuza uso akatazama ukuta.

Walimfunga plasta. Ilipotolewa, uvimbe ulikuwa umekwisha, lakini goti lilimponyoka kila alipogeuka au kuteremka mlima. Njia ya shule ikamshinda. Muhula uliofuata hakurudi.

Nilienda kwao na mkate na sukari. Mama yake alinipa kiti pekee kilichokuwa na mgongo.

"Ni bahati mbaya, mwalimu," alisema. "Usijilaumu. Ulimtunza kama mtoto wako."

Nilikunywa chai yake. Sikumwambia mtoto wake alikuwa ameniomba nini siku ile. Nilifungua mdomo mara mbili, na mara zote mbili nikauliza habari za mahindi.

Miaka ilipita kabla sijamwona tena. Ilikuwa sokoni Nakuru. Alikuwa mtu mzima, anauza vitunguu kwenye meza ya mbao, amekalia kreti na mguu wa kulia ameunyoosha mbele.

"Mwalimu! Bado unafundisha neti?"

"Niliacha," nikasema. Halafu, kwa kuwa sikujua kama nitapata nafasi nyingine, nikaongeza: "Siku ile uliniambia umechoka."

"Nilikuambia," alisema.

Hakuwa na hasira. Alinitazama, akangoja kidogo aone kama nina la zaidi. Nilitaka kumwomba msamaha, lakini nikaokota kitunguu kimoja nikakigeuzageuza. Mteja akaja akauliza vitunguu. Mchezaji wangu wa zamani alishika ukingo wa meza, akajiinua taratibu kwa mguu wa kushoto, akaanza kumchagulia.